Yaya, Umetoka?

Siku ya kwanza niliyoingia katika nyumba ile ya Mirdif, Dubai, mzee wa Kizungu aliinuka kwenye kiti chake akaniamkia.

"Shikamoo," alisema.

Nilidhani ananitania. Wageni wengi wanaojua neno moja la Kiswahili hulitupa tu hewani ili wakuone ukicheka. Huyu hakucheka. Alikuwa mtu wa miaka sabini na zaidi, mrefu, mkavu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Alisimama mbele yangu ameinamisha kichwa kidogo kama mtoto aliyefunzwa adabu, akangoja. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimevuka thelathini.

"Babu, mimi ndiye wa kukuamkia," nikamwambia. "Shikamoo."

Hakuitikia. Alinitazama mikono, akanitazama miguu, kisha akauliza kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, Kiswahili cha Tanga:

"Umetoka?"

"Nimetoka wapi, babu?"

Akakaa polepole, akageuzia uso dirishani. Binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa madam wangu, alikuwa nyuma yetu ameshika mikono kifuani kwa furaha. "Amekuongelesha!" alisema kwa Kiingereza. "Amesema nini?"

"Ameuliza nimetoka wapi," nikajibu. Ndivyo nilivyoelewa siku hiyo.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, kabla treni ya juu haijaanza kupita Dubai. Kazi ile niliipata kupitia mama mmoja wa Pangani niliyekuwa nalala naye chumba kimoja huko Al Muraqqabat. Yeye alikuwa mpiga pasi katika hoteli ndogo, na alisikia kuna familia ya Wagiriki inamtafuta mwanamke anayejua Kiswahili. Si Kiingereza, si upishi wa Kizungu. Kiswahili. Tulicheka sana chumbani. Nani anatafuta Kiswahili Dubai?

Lakini madam alinieleza vizuri. Baba yake alizaliwa Tanganyika, kwenye shamba la mkonge. Babu yake alitoka kisiwa kimoja cha mawe matupu huko Ugiriki, akapanda meli bila kumjua mtu aendako, akaishia kusimamia mkonge na baadaye kumiliki shamba lake mwenyewe. Mashamba yalipotaifishwa wakarudi Ugiriki, madam akiwa mtoto mdogo asiyekumbuka kitu. Sasa baba yake alikuwa anasahau. Kiingereza kilikuwa kimemtoka chote. Kigiriki kilikuwa kinamponyoka kidogo kidogo. Kilichobaki kikawa Kiswahili, ambacho binti yake hakujua hata neno.

"Nataka awe na mtu wa kuongea naye," aliniambia. "Na wewe ukinisaidia kuelewa anachosema, nitashukuru."

Mimi nayajua mashamba ya mkonge. Babu yangu mzaa mama alikuwa manamba, mkata mkonge wa mkataba, na mikono yake ilibaki na makovu ya miiba mpaka tunamzika. Sikumwambia madam hilo. Haikuwa na haja.

Nyumba ilikuwa kubwa na ya kimya. Mume wake, sir, alikuwa injinia wa ujenzi, siku nyingi yuko Abu Dhabi. Ndege zilikuwa zinapita juu ya paa chini sana, zinatua uwanjani, na kila ikipita moja vioo vya kabati vinatetemeka. Mchana mapazia yote yanafungwa kwa ajili ya jua, na humo ndani, gizani, mzee anatembea. Anakwenda jikoni, anazima jiko la gesi, hata kama nina chungu juu yake. Ananusa. Anasimama katikati ya ukumbi anavuta hewa puani, halafu ananiuliza, "Unasikia harufu ya mafuta ya taa?"

"Hapana, babu. Hapa hakuna mafuta ya taa."

"Yapo," anasema. "Mengi. Debe zima."

Chumba changu kilikuwa nyuma, karibu na pa kufulia. Wiki ya pili nikaanza kukuta ndoo ya maji mlangoni kwangu. Nikidhani nimeisahau mimi, naimwaga. Kesho yake naikuta tena, imejaa, na pembeni yake taulo lililolowa. Nikamvizia. Saa za adhuhuri, madam akiwa amepumzika, mzee alikuja anaburuta ndoo kwa mikono miwili, maji yanamwagikia viatuni. Akaiweka. Akabisha hodi taratibu kwa kidole kimoja.

"Yaya," aliita. "Yaya, umetoka?"

Nilikuwa nimekaa kitandani. Sijui ni kwa nini sikujibu. Alisimama pale kwa muda mrefu. Nilikuwa naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango.

Ijumaa nilipokwenda Al Muraqqabat nikamsimulia mama wa Pangani. Alikuwa anakaanga samaki, akapunguza moto ili asikie.

"Yaya ni nani?" aliuliza.

"Aliyemlea, nadhani. Ananichanganya naye."

"Na mbona anamwuliza kama ametoka?"

"Sijui."

Aligeuza samaki wake mmoja mmoja. "Mwanangu, tafuta nyumba nyingine. Mzee huyo hana wazimu. Ana jambo."

Sikutafuta nyumba nyingine. Madam alikuwa mtu mwema, na wema kwenye kazi zetu zile hauuachi hivi hivi.

Sasa madam, kabla hajaolewa, aliwahi kuigiza jukwaani kwao. Dubai alikusanya Wagiriki wenzake wenye mapenzi na mambo hayo: daktari wa meno, mhasibu, fundi wa ndege, mama mmoja wa benki. Mwaka ule alikuwa ameandika mchezo wake mwenyewe. Ulikuwa ni habari ya babu yake: anavyoaga kisiwani, anavyopimwa meno na macho bandarini kama ng'ombe wa mnadani, anavyougua homa mkongeni, anavyoletewa mchumba aliyemjua kwa picha tu, anavyojenga nyumba yenye baraza, na mwisho anavyoiacha. Jioni walikuwa wanasukuma makochi ukutani na kufanya mazoezi pale ukumbini. Mikonge ilikuwa ya maboksi yaliyopakwa rangi. Mimi nilikuwa napeleka kahawa, na nikaanza kukaa mlangoni kutazama. Kigiriki sikijui, lakini mtu anayeaga mama yake huhitaji lugha kumwelewa. Ile sehemu ya kupimwa meno nilitazama nikakumbuka nilivyopimwa mimi, nimesimama kwenye foleni na karatasi mkononi, na nesi asiyenitazama usoni.

Katika mchezo alikuwamo yaya. Alichezwa na yule mama wa benki. Jioni moja alikuja amejipaka krimu ya kahawia uso mzima na mikono, kichwani amejifunga kanga. Niliingia na sinia. Wote wakageuka wakanitazama, wanangoja kuona kama nitacheka.

Nikaweka sinia mezani. "Madam," nikasema, "hiyo kanga ni yangu. Ilikuwa kwenye kamba."

Yule mama aliifungua haraka, akanirudishia imepakaa kahawia. Asubuhi madam akanifuata jikoni, macho mekundu, akaomba radhi, kisha akaniuliza kama ningekubali kumcheza yaya mimi mwenyewe. Hakuna maneno ya kusema, alinieleza. Nitatoka na mtoto wa mwanasesere mgongoni, nitapanga vikombe, na mwisho, familia ikiondoka, nitasimama barazani nipunge mkono mpaka taa zizimwe.

Nilikubali. Sikutaka kuiona sura ile ya krimu tena.

Tangu siku hiyo mzee alibadilika. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake cha pembeni wakati wa mazoezi, na binti yake alipenda akae pale. Sehemu za mwanzo alizitazama kwa utulivu, mara nyingine midomo yake inafuatisha. Lakini ikifika sehemu ya mwisho, mimi nikipanda kwenye baraza ya mbao, anaanza kusugua magoti. Siku moja alinishika mkono pale pale nilipokuwa nashuka. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Usirudi ndani," aliniambia. "Ukirudi ndani, mimi nitasema nini?"

"Sirudi, babu."

"Unasema hivyo kila siku."

Wengine walikuwa wanakunywa kahawa, wanacheka. Nilimsogelea madam.

"Madam, baba hapendi ile sehemu ya mwisho. Inamtisha."

"Inamuuma," alisema kwa upole. "Walipoteza nyumba. Acha aumie kidogo, ni vizuri. Nimemwandikia yeye."

"Nadhani si nyumba, madam."

"Ni nini basi?"

Nilikuwa na ndoo za maji na harufu ya mafuta ya taa isiyokuwepo. Ningemwambia nini?

Onyesho lilikuwa Alhamisi jioni, kwenye ukumbi wa shule moja ya kigeni, na lingerudiwa Ijumaa. Askari wa mlangoni alikuwa Mkenya wa bara, mtu mzima mwenye sauti nzito. Aliniona nashuka kwenye gari na kanga zangu akafurahi.

"Sister, leo wewe ndiye star?"

"Napunga mkono tu," nikamwambia.

"Hata kupunga ni kazi. Nitasimama hapa nyuma nikuone."

Ukumbi ulijaa Wagiriki, na Waarabu wachache, na watu wa ofisi ya sir. Mzee alikaa mstari wa mbele kando ya mkwewe, amevaa koti. Nilimchungulia nyuma ya pazia. Alikuwa ameshika mikono ya kiti kama mtu aliye ndani ya ndege inayotikisika.

Mchezo ulikwenda vizuri. Kwenye kuagana kisiwani nilisikia watu wakipenga kamasi. Kwenye picha ya mchumba walicheka. Nilitoka na mwanasesere mgongoni, nikapanga vikombe, nikarudi ndani, na hakuna baya lililotokea. Nikaanza kujiambia kwamba nilikuwa nimejitia hofu bure.

Ikafika sehemu ya mwisho. Familia inabeba mizigo, inashuka jukwaani, inapita katikati ya watu kuelekea mlango wa nyuma, kama inakwenda garini. Mimi nikabaki barazani peke yangu. Nikainua mkono. Na hapo yule fundi wa ndege aliyekuwa anashughulikia taa akafanya jambo ambalo nyumbani hatukuwahi kulifanya, kwa sababu nyumbani hatukuwa na taa za jukwaa. Ilikuwa taa ya jua linalozama. Nyuma yangu nyumba nzima ya mbao ikageuka nyekundu ya moto.

Nilisikia kiti kinadondoka.

Mzee alikuwa amesimama. Sir alijaribu kumshika koti, likabaki mkononi mwake. Alipanda ngazi za jukwaa kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwake, akaja mpaka chini ya baraza, akanyoosha mikono yote miwili.

"Yaya, toka! Toka! Baba ameshawasha!"

Sauti yake ilikuwa si ya mzee. Ilipanda juu, ikakatika. Mkono wangu ulikuwa bado hewani.

"Wote tuko garini," alisema. "Umefuata blanketi? Blanketi la nini? Mtoto analo lingine! Baba hajui kama umerudi. Nimemwambia, hasikii. Anasema serikali haitapata hata mlango. Yaya, toka!"

Ukumbini walikuwa wanatazama kama watu wanaotazama kitu kizuri. Niliteremka ile ngazi moja ya baraza nikasimama karibu naye. Nilichokuwa nataka ni anyamaze tu, atulie, asianguke mbele ya watu.

"Nimetoka, mwanangu," nikamwambia. "Tazama. Nimeshatoka."

Alinikazia macho. Machozi yalikuwa yanamshuka lakini uso wenyewe ulikuwa umekakamaa.

"Hukutoka," alisema polepole. "Nilikuangalia kwenye kioo cha gari mpaka tumekata kona. Hukutoka."

Kisha akainamisha kichwa. "Shikamoo, yaya."

"Marahaba," nikajibu.

Taa zikazimwa. Watu wakasimama wakapiga makofi. Yalikuwa makofi ya kutetemesha sakafu. Walidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa.

Madam alikuja mbio gizani akamkumbatia baba yake, akawa anamsemesha Kigiriki, na yeye hajibu. Mimi nilishuka kwa nyuma kutafuta hewa. Askari alikuwa amesimama pale pale alipoahidi, kofia mkononi.

"Sister," aliniuliza, "huyo mzee alikuwa anaigiza ama ni ukweli?"

Nilijifuta jasho kwa ncha ya kanga.

"Mimi nimesikia yote," alisema. "Yote. Nani alichomwa?"

Madam alinikuta ndani ya darasa tulilolifanya chumba cha kubadilishia nguo. Nje watu walikuwa wanampongeza mumewe. Alifunga mlango, akavuta kiti kidogo cha watoto, akakaa, magoti yakamfika kifuani.

"Niambie," alisema. "Neno kwa neno."

Ningeweza kumwambia ni maneno ya ugonjwa. Nilifikiri hivyo, nakiri nilifikiri. Lakini kulikuwa na mtu mwingine mlangoni aliyesikia, na kulikuwa na mwanamke wa kwetu ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumsemea. Nikamwambia. Kwamba babu yake alichoma nyumba siku ya kuondoka ili asiiache kwa mtu. Kwamba yaya alirudi ndani na babu yake hakujua, au aliambiwa na hakusikia. Kwamba alifuata blanketi la mtoto.

"Mtoto gani?" aliuliza madam.

Mzee alikuwa na mtoto mmoja tu maishani mwake. Nilimwona anavyofika kwenye jibu mwenyewe, na nikatazama pembeni, kwenye herufi za rangi zilizobandikwa ukutani.

Sir alisema ni upuuzi, kwamba ubongo ukichakaa hutunga mambo. Ijumaa asubuhi madam alimpigia simu shangazi yake Ugiriki, dada wa mzee, aliyekuwamo ndani ya gari lile. Nilikuwa namenya viazi, namsikia akiuliza jambo moja kwa kurudia. Halafu akasikiliza. Halafu akakata simu, akakaa na ile simu mapajani.

"Amekataa?" nikamwuliza.

"Hapana. Ameniuliza kwa nini nachimba."

Onyesho la Ijumaa halikufanyika. Watu waliambiwa mzee anaumwa, na haikuwa uongo. Tangu jioni ile hakuniita yaya tena, wala hakuniuliza kama nimetoka. Hakuja tena mlangoni kwangu. Kiswahili chote kilimwishia pale jukwaani, na baada ya Kiswahili hakikubaki kitu. Alikuwa anakaa nilipomkalisha. Nikimlisha, anameza. Mchana nyumba ikawa kimya mpaka nikatamani asikike akiburuta miguu. Alifariki hospitali kabla msimu wa joto haujaisha, wakamsafirisha kwenda kuzikwa kisiwani kwao.

Madam aliporudi mazishini alinikuta naanika nguo. Hakunisalimu. Aliuliza, "Walimzika?"

"Nani, madam?"

"Yeye. Kuna aliyemzika?"

Nikampigia mjomba wangu Tanga. Mjomba alikwenda mwenyewe mpaka kwenye shamba lile, na alipopiga simu sauti yake ilikuwa ya chini. Nyumba aliyoichoma Mgiriki inajulikana, alisema. Imebaki sakafu. Kaburi lipo nyuma yake, watu wa kambi ya wakata mkonge walizika walichokikuta. Na ndugu wa marehemu wapo. Mjukuu wake anakaa pale pale.

Madam alikata tiketi bila kumshauri mumewe. Hakuniomba niende naye, nami sikujitolea. Mjomba alimpokea. Alikaa huko siku chache, na wakati huo wote sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza atakavyopokelewa, mwanamke wa Kizungu anayeshuka kwenye gari mbele ya kaburi lile.

Alirudi mchana, shingo imeungua jua. Alipita sebuleni moja kwa moja mpaka jikoni, akakaa kwenye stuli yangu.

"Nimemwona mjukuu wake," alisema. "Ni mtu wa rika lako. Alinipa kiti. Mjomba wako alitafsiri. Nilimweleza yote, na yeye akasikiliza mpaka mwisho."

"Akasemaje?"

"Alisema wao walijua siku zote. Walichokuwa hawajui ni kama sisi tunajua."

Nilizima jiko. "Na wewe ulimjibu nini, madam?"

"Nilisema nilikuwa sijui, kwamba shangazi yangu ndiye aliyejua."

"Akakubali?"

Alifikiri. Ndege ilipita juu, akangoja iishe.

"Hakusema kama amekubali," alijibu. "Alinipa maji ya kunywa, nikanywa. Halafu akaniambia nisirudi tena bila shangazi yangu."